Cheti cha pumu: mjane, tabibu na wito wa JKT

Kisa hiki nimekipanga kwa ajili ya wanafunzi wa utabibu ninaowafundisha maadili ya kazi. Watu waliomo ni wa kubuni, lakini wito wa lazima wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa wahitimu wa kidato cha sita, sheria na kalenda vinavyowabana ni vya kweli, na yeyote aliyewahi kukaa Mufindi, mkoani Iringa, kati ya Mei na Agosti atavitambua. Darasani huzua ubishi kuliko visa vyote vya rushwa na uzembe ninavyoleta, kwa sababu watu watatu waliomo ni watu wema na kila mmoja ana hoja.

Ni zahanati ya kijiji, wiki ya mwisho ya Mei, jioni, ukungu umeshashuka na wagonjwa wameisha. Anaingia mama mjane wa makamo. "Kamwene, dokta," anasema akiwa mlangoni, na mlango ukishafungwa anamwita "mwanangu", kwa kuwa tabibu huyu ni mtoto wa kijiji hichohicho na mama huyu alikuwa shoga wa mama yake. Kwenye pindo la khanga anafungua karatasi iliyokunjwa mara nne, anainyoosha mezani kwa kiganja. Ni orodha ya vifaa ambayo mwanawe ameinakili kutoka kwenye tangazo la Jeshi la Kujenga Taifa: bukta ya bluu iliyokoza yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, ya kufika magotini, fulana ya kijani, raba ngumu za kijani au bluu, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, traksuti, vyeti vya kuombea chuo, na mwisho nauli ya kwenda na kurudi. Kijana amemaliza kidato cha sita mwezi huohuo na amepangiwa kambi moja mkoani Kigoma. Kando ya kila mstari kuna bei iliyoandikwa kwa penseli. Kando ya nauli hakuna kitu.

"Niandikie kwamba ana pumu," mama anasema. "Si alikuwa nayo?"

Alikuwa nayo, ndiyo. Daftari lake la zamani linaonyesha alitibiwa kifua kubana na kutoa mluzi mara kadhaa akiwa darasa la pili na la tatu. Tangu hapo hakuna kitu. Sasa ana miaka 19, anacheza namba sita kwenye timu ya kata, na hajawahi kurudi kwa tatizo la kupumua.

Sababu za mama ni mbili. Ana ekari mbili za mahindi zinazokauka sasa hivi shambani, na kuanzia Juni hadi Agosti ndiyo kuvuna, kubeba, kupukuchua na kuuza. Wadogo wa kijana wako shule ya msingi, na vibarua wanataka pesa mkononi. Sababu ya pili anaitoa kwa sauti ya chini zaidi: "Mbona mtoto wa mwenye duka la pembejeo pale barabarani kaandikiwa, na hana hata mafua?"

Tabibu anamwomba ampe hadi kesho. Swali ninalowapa wanafunzi ni moja: kesho amwambie nini?

Wengi hukimbilia jibu la kanuni. Cheti cha uongo ni kosa la kitaaluma, Baraza la Madaktari lipo, mjadala umekwisha. Jibu hilo ni sahihi na halitoshi, maana linamwacha mama na karatasi yake mezani kana kwamba alichouliza hakina uzito. Mama huyu anadai, kwa lugha yake, kwamba lazima hii haimtendei haki. Kabla ya kumkatalia ni lazima tuipime hoja hiyo, kwa sababu kama lazima yenyewe ni dhuluma, basi wapo watakaosema kuidanganya dhuluma si dhambi kubwa.

Nianze na kile serikali inachoweza kusema kwa haki. JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963. Kwanza ilikuwa ya kujitolea, na mwaka 1966 sheria ikabadilishwa ili wahitimu wa vyuo na wa kidato cha sita wawajibike kuitumikia. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu, Dar es Salaam, waliandamana hadi Ikulu kupinga, hasa sharti la kutumikia miezi 18 wakilipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza zaidi ya 300 warudi vijijini kwao. Siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kipande hicho cha pili cha hadithi husahaulika, na kwangu ndicho chenye somo la maadili: aliyewabebesha vijana mzigo aliona aibu kusimama kando mikono mitupu.

Hoja yake alikuwa ameshaitoa mapema, mwaka 1964. Alimfananisha msomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Akila akatokomea, amewasaliti. Kwa hiyo msingi wa lazima ya JKT kwa wahitimu, tangu mwanzo, ni deni la elimu. Ulinzi wa nchi nao umo, na Ibara ya 28 ya Katiba ya 1977 inasema kila raia ana wajibu wa kulinda uhuru na umoja wa taifa. Ila kama ulinzi ndio ungekuwa msingi pekee, wito ungemfikia pia aliyeishia darasa la saba na aliyekwama kidato cha nne, ambao ndio wengi. Haumfikii kwa lazima. Unamfikia aliyesoma.

Basi je, deni lipo? Hapa historia inapanda na kushuka. Kizazi cha 1966 kilisomeshwa na umma. Utaratibu wa lazima ulisimamishwa mwaka 1994, miaka ambayo wazazi nao walikuwa wameanza kuchangia gharama za elimu kwa nguvu. Ulirudishwa mwaka 2013 ada ikiwa bado inalipwa, na kama mama huyu angekuja zahanati mwaka ule ningemwambia hoja ya deni imelegea. Lakini ada ya shule za serikali imeondolewa hadi kidato cha nne tangu 2016, na tangu 2022 kidato cha tano na cha sita. Kijana wetu ni wa kizazi hiki. Majirani zake ambao watoto wao hawakufika huko wamemsomesha kwa kodi ya sukari na sabuni. Kumtaka miezi mitatu ya maisha yake si unyang'anyi. Nasema hivi nikijua kwamba ninao upendeleo wangu: nami ni wa kizazi kilichopita JKT kabla ya 1994, nililala hanga moja, yaani bweni la kambi, na Msukuma na Mmakonde ambao nisingewajua vinginevyo, na mpaka leo tunazikana. Msomaji alizingatie hilo anaponipima.

Ila deni ni la kijana. Angalia tena karatasi ya mama. Bukta, raba, shuka, nauli hadi Kigoma na kurudi: anayelipa ni mjane mwenye ekari mbili. Kijana anatoa jasho lake, na hilo ni halali, lakini kabla jasho halijatoka, kaya ya kimaskini imeshatozwa. Kwa mwenye duka la pembejeo orodha ile ni pesa ya wiki. Kwa mama huyu ni magunia ya mahindi ambayo hayajavunwa, na atakayeyavuna ndiye anayeitwa. Wito ni mmoja kwa vijana wote wawili, uzito wake si mmoja, na sheria inayotoza wasio sawa kiasi kilekile haijawatendea sawa. Hapa nasimama na mama bila kusita. Serikali inayoita kwa lazima inapaswa ipeleke na irudishe, na ivishe. Shule ikishapangiwa kambi, hati ya nauli ingeweza kutoka na barua ya wito.

Kuna jambo jingine ambalo mama hakulisema, na mwanafunzi mmoja aliwahi kuliinua darasani hadi kukawa kimya. Kambini kuna kwata, mchakamchaka, shabaha na mafunzo ya uraia, lakini kuna pia shamba. JKT tangu kuzaliwa kwake ni jeshi la uzalishaji, linalima na kufuga, na kuruta hushika jembe. Yule mwanafunzi aliuliza: ni haki gani inayomtoa kijana kwenye mahindi ya mama yake mjane ili akapalilie mahindi ya kambi?

Katiba yetu ina jibu la kisheria. Ibara ya 25 inakataza kazi ya shuruti, kisha inaorodhesha zisizohesabiwa kuwa shuruti, na mojawapo ni ujenzi wa taifa wa lazima kwa mujibu wa sheria. Mkataba namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, ambao nchi yetu iliuridhia mara tu baada ya Uhuru, ni mkali zaidi: unaisamehe kazi inayotokana na sheria za kutumikia jeshi kwa lazima, mradi iwe ni kazi ya kijeshi tupu. Mkataba namba 105 wa 1957 unakataza kazi ya lazima kutumika kama njia ya kukuza uchumi. Katiba na mikataba hiyo vinavutana, na sidhani vinapatana kwa maneno matamu. Maoni yangu: saa ambayo kuruta analima chakula atakachokula yeye na wenzake hangani ni sehemu ya malezi ya kambi na haina ubaya. Saa ambayo analima mazao ya kuuzwa, bila hiari yake na bila ujira, ni saa ambayo hoja ya deni haiwezi kuibeba peke yake, hasa kwa kijana ambaye nyumbani ameacha shamba lisilo na mikono. Anayeipenda JKT ndiye anayepaswa kulisema hili kwanza.

Kwa bahati muda wenyewe una mpaka, na mpaka ni jambo kubwa kimaadili. Eritrea sheria inasema miezi 18, na tangu vita vya 1998 na Ethiopia watu wamebaki jeshini miaka na miaka bila kujua lini watatoka. Kijana wa huko anayetoroka simwiti msaliti. Kwetu kuruta wa mujibu wa sheria anaingia Juni na Septemba yuko nyumbani.

Kwa hiyo nimefika mahali ambapo lazima yenyewe ni halali, na gharama zake zimewekwa begani pasipostahili. Je, cheti cha uongo kinarekebisha hilo?

Wanafunzi wangu wengi husema uongo huu haumdhuru mtu. Hakuna kijana mwingine atakayeitwa kujaza nafasi yake, na taifa halitatetereka kwa kukosa kuruta mmoja. Ni kweli nafasi haijazwi. Lakini makuruta hupimwa afya wanapofika kambini, na kuna mtu wa kuumia. Ni kijana mwingine mwenye pumu ya kweli, aliyefika na barua ya kweli, mbele ya daktari wa kambi aliyekwisha kuchoshwa na barua za uongo. Huyo ataambiwa "visingizio hivyo, kimbia", na atakimbizwa alfajiri kwenye vumbi na baridi. Kila cheti cha bandia kinapunguza nguvu ya karatasi inayomlinda mgonjwa. Tabibu hakupewa muhuri ule kwa ajili ya kusawazisha dhuluma za nchi, hata zile za kweli. Alipewa ili neno lake kuhusu mwili wa mtu liaminiwe na asiyemjua. Na mtoto wa mwenye duka ambaye tayari kaandikiwa? Hiyo ndiyo hoja ngumu ya mama, maana mtu mnyoofu anaonekana mjinga. Lakini cheti cha pili hakimrudishi wa kwanza kambini. Kinaongeza tu idadi ya waliotoka kwa mlango wa nyuma, na mlango huo siku zote hupanuka kwa wenye jamaa zahanati na wenye pesa. Mjane asiye na tabibu wa kijiji chake hatafunguliwa.

Na bado hatujamuuliza mwenye mwili.

Hili darasani hulikumbuka mmoja kati ya kumi. Mgonjwa hapa ni kijana, si mama. Ana miaka 19, ni mtu mzima kisheria, na taarifa za kifua chake ni zake. Katika kisa, tabibu anamwita kesho yake asubuhi, wanakaa kwenye benchi nyuma ya zahanati. Kijana anataka kwenda. Anataka kuona ziwa Tanganyika, anataka kwenda na wenzake wa darasa, na anajua kwamba matangazo ya kazi za vyombo vya ulinzi na usalama mara nyingi hutanguliza waliopita JKT. Kisha anasema jambo linalomweka tabibu pagumu: "Ila tafadhali, kaka, usimwambie mama kwamba nimekataa mimi. Atasema namkimbia."

Basi tabibu ana siri ya mgonjwa mkononi, na mama wa mgonjwa huyo anakuja jioni. Wapo wanaoshauri amwambie mama ukweli wote kwa kuwa ni mzazi na kwetu mtoto hakui mbele ya mamaye. Mimi nakataa. Amwambie mama kweli inayomhusu yeye tabibu: "Mama, siwezi kuandika ugonjwa nisiouona kifuani." Hiyo si kuzunguka, ni sababu kamili na inajitosheleza. Aliyoyasema kijana yabaki benchini hadi kijana mwenyewe ayaseme. Ila amsukume ayaseme, tena kabla ya basi, kwa sababu mama akiachwa aamini kwamba serikali ndiyo iliyomchukua mwanawe na mwana hakutaka, atabeba uchungu wa uongo miezi mitatu.

Halafu aandike barua. Ndiyo, aandike, maana kukataa kuandika chochote ni uvivu uliovaa joho la maadili. Ampime kifua kwa makini, amkimbize uwanjani na kumsikiliza tena, kisha aandike anachokijua: kwamba huyu alitibiwa kifua kubana akiwa mtoto, kwamba hajapata shambulio kwa miaka mingi, kwamba leo mapafu ni safi, na kwamba akikohoa usiku au akibanwa baada ya mbio apumzishwe na apewe dawa ya kuvuta mapema. Barua hiyo haimzuii kwenda. Inamlinda akiwa huko, na ndiyo kazi aliyosomea. Kama upimaji ungeonyesha pumu bado ipo, angeandika hivyo bila woga, hata kama kijana analilia kwenda.

Mahindi yanabaki. Tabibu hana dawa yake, lakini ni mwanakijiji. Nyanda hizi bado watu huitana mgowe, wakavuna shamba la mtu kwa siku moja kwa chakula na kinywaji, na mjane mwenye kijana aliyeitwa na taifa ana haki ya kuomba bila kuona haya. Mtendaji wa kijiji anaweza kupeleka jambo la nauli kwenye mkutano, na usharika nao una mfuko. Nawaonya wanafunzi wasiridhike hapo. Majirani wakichanga nauli ya Kigoma wamefanya jema, na wakati uleule wamelipa bili ambayo haikuwa yao. Mtendaji anayeandika mchango ule kwenye daftari aiandikie pia halmashauri barua ya kuuliza ni nani anayepaswa kuulipa mwakani.

Wanafunzi huuliza ingekuwaje kama kijana angekataa kwa imani, akasema dini yake haimruhusu kushika silaha. Hicho ni kisa kingine, na kwangu ni chepesi kuliko hiki. Ibara ya 19 ya Katiba inalinda uhuru wa imani, na mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki wanafunzi Mashahidi wa Yehova waliokuwa wameadhibiwa kwa kutoimba wimbo wa taifa. Ningependa kijana wa namna hiyo apewe miezi yake mitatu hospitali ya wilaya au kwenye vitalu vya miti, naye asihitaji kujifanya mgonjwa.

Linabaki jambo ambalo hunigawia darasa mara mbili hadi kengele inalia. Mama ametaja cheti cha mtoto wa mwenye duka. Tabibu anaufahamu mwandiko wa wenzake wa kata. Akitaka kujua nani aliandika atajua kabla ya Jumapili. Nusu ya darasa husema ni umbea wa mjane mwenye hasira, aachane nao. Nusu nyingine husema aripoti wilayani. Mimi nasema kwanza amfuate mwenzake uso kwa uso, amuulize kama kweli alimpima yule kijana, maana pumu haionekani barabarani na huenda mtoto wa tajiri anaumwa kweli. Akiambiwa hakupima, amtake aifute barua ile kabla ya tarehe ya kuripoti. Akigoma, hapo ndipo aende wilayani, kwa jina lake na saini yake, akijua kwamba mwenye duka ndiye anayekopesha mbolea nusu ya kijiji, pamoja na mama yule.